Ford Focus inatetemeka na deni halijaisha: nianze wapi?

*"Habari za kazi, fundi. Tulikuja Ohio kutoka kambi ya Nyarugusu miaka minne iliyopita. Miezi saba iliyopita nilinunua Ford Focus ya 2014, otomatiki, maili 112,000, kwa dola 5,200 kwenye yadi ndogo. Nilitoa kianzio cha dola 1,000. Mkataba unasema nimekopeshwa dola 6,400 kwa riba ya asilimia 21.9, miezi 48, dola 201 kila mwezi. Kuanzia mwezi wa tatu gari linatetemeka ninapoondoka kwenye taa, hasa nikiwa nimetoka kwenye foleni. Jirani ameniwekea dawa ya giaboksi mara mbili, hakuna nafuu. Shemeji anasema magari yote ya Kimarekani yameoza tangu kampuni zao zifilisike, na kwamba Ford lazima walitengeneze bure. Yadi nyingine imenipa ofa: wachukue Focus kwa dola 2,800, wanipe Corolla ya 2015 kwa dola 11,500, na deni linalobaki waliingize kwenye mkopo mpya wa riba ya 19.9 kwa miezi 66. Nafanya kazi ghalani usiku, na saa hizo mabasi hayapo. Nifanye nini?"*

Dada yangu, hapa kuna maswali matatu yaliyofungwa kwenye kifurushi kimoja: chuma kinachotetemeka, karatasi ulizosaini, na ofa inayokusubiri. Yote yana majibu. Ila moja nalitanguliza kwa sababu lina haraka: usisaini ile ofa ya Corolla wiki hii. Corolla si gari baya. Hesabu ya ile ofa ndiyo mbaya, na nitaipiga hapa chini uione mwenyewe.

Tuanze na chuma. Giaboksi ya gari lako si otomatiki ya kawaida, ingawa inaendeshwa kwa pedali mbili. Otomatiki ya kawaida ina toki konveta, dude la mviringo lililojaa mafuta, kati ya injini na gia. Injini inazungusha mafuta, mafuta yanazungusha gia, na gari linaondoka kwa ulaini. Focus za otomatiki zilizouzwa Marekani kuanzia toleo la 2012 zilifungwa kitu kingine, PowerShift, ambayo mafundi wanaijua kama DPS6. Ford waliitengeneza pamoja na Getrag wa Ujerumani. Ukiifungua, ndani utakuta giaboksi ya manyuali ya gia sita yenye klachi mbili: moja inashika gia ya 1, 3 na 5, nyingine inashika 2, 4 na 6. Mahali pa mguu wako pamewekwa mota ndogo za umeme, na kompyuta iliyofungwa kwenye mwili wa giaboksi ndiyo inayoziamuru zibane au ziachie.

Neno la kushika hapo ni kwamba klachi hizo ni kavu. Hazilowi kwenye mafuta. Zinafanya kazi kama klachi ya daladala: sahani inabanwa dhidi ya chuma, inasugua kidogo, kisha inashika. Umewahi kukaa kwenye daladala ambalo dereva analishikilia mlimani kwa klachi badala ya breki? Ile harufu ya kuungua ndiyo klachi kavu ikilalamika. Gari lako linafanya hivyo kimyakimya kila unapojongea hatua mbili mbili kwenye foleni. Sahani inapata moto, uso wake unakuwa laini kama kioo, na haishiki tena kwa usawa.

Kuna sababu ya pili, na kwa giaboksi hii ndiyo iliyosumbua watu wengi. Gia zenyewe zinaoga kwenye mafuta, kiasi kisichofika lita 2, upande wa pili wa ukuta. Mahali ambapo shafti zinapita kuja kwenye klachi pana sili. Sili zikichoka, mafuta yanavuja tone kwa tone mpaka kwenye sahani kavu. Sahani yenye mafuta inashika, inateleza, inashika, inateleza, mara nyingi kwa sekunde moja. Hilo ndilo tetemeko unalolisikia kwenye kiti.

Sasa utaona kwa nini dawa ya jirani haikusaidia. Dawa inaingia kwenye mafuta ya gia, na mafuta hayo hayatakiwi kuifikia klachi hata kidogo. Njia pekee ya dawa hiyo kufika kwenye klachi ni kupitia sili iliyotoboka, yaani kupitia ugonjwa wenyewe. Mwambie asirudie. Giaboksi hii haina kijiti cha kupimia mafuta, kwa hiyo hakuna ajuaye sasa hivi mna kiasi gani ndani wala yamechanganyika na nini. Siku itakapofunguliwa, fundi ayamwage yote na kuweka mapya yenye kipimo cha WSS-M2C200-D2. Mafuta ya otomatiki ya kawaida hayafai humo.

Kabla hujakubali kwamba ni klachi, hakikisha si kitu cha bei ndogo, maana gari linaweza kutetemeka kwa sababu tano tofauti. Tetemeko la klachi lina tabia yake: linakuja ukiondoka taratibu kutoka kusimama, au likibadilisha kati ya gia ya 1 na ya 2, kwenye mwendo wa maili 10 hadi 25 kwa saa, na linazidi giaboksi ikiwa ya moto. Kama gari linatikisika likiwa limesimama kwenye D na linatulia ukiweka N, shuku raba za kushikilia injini. Ile ya upande wa kulia hufa mapema kwenye Focus hizi. Kama linakohoa ukikanyaga mafuta kwenye gia yoyote na taa ya injini inamwekamweka, shuku plagi au koili, na usiendelee kuliendesha hivyo, kwa sababu petroli isiyoungua inakwenda kuchoma katalitiki, kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye bomba, na hiyo ina bei kali. Ukishika breki na usukani ukacheza, ni diski za breki. Ikitokea kwenye maili 60 na kuendelea tu, ni balansi ya magurudumu.

Kwa maelezo yako, hasa hilo la foleni, naelekea sana kwenye klachi. Hata hivyo pima betri kwanza. Mota zinazobana klachi zinakula umeme, na betri iliyochoka inaweza kuifanya kompyuta itoe amri za ajabu na kuwasha taa za uongo. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri nzima inasoma karibu volti 12.6. Injini ikiwa inanguruma, iwe kati ya 13.7 na 14.7. Maduka mengi ya vipuri Marekani yanapima betri bure, dakika kumi tu mlangoni.

Tetemeko lenyewe linakera, lakini kwa kawaida halikuachi barabarani ghafla. Kinachokuacha ni ile kompyuta ya giaboksi. Ikianza kufa, dalili zake ni nyingine kabisa: taa ya spana inawaka kwenye dashibodi, injini inapiga kelele lakini gari haliendi, au unabonyeza kuwasha na halijibu, kisha baada ya nusu saa linawaka kama kwamba hakuna kilichotokea. Ukilipima kwa mashine utaona msimbo wa hitilafu kama U0101, maana yake mawasiliano na kompyuta ya giaboksi yamekatika, au P0902, saketi ya mota ya klachi. Ukiona dalili hata moja kati ya hizo, usiingie nalo barabara kuu usiku. Gari linaloishiwa nguvu katikati ya malori saa nane za usiku ni hatari ya maisha, na hapo hatuzungumzii tena fedha.

Shemeji wako ana kipande cha ukweli mkononi, ila amekishika vibaya. Kampuni kubwa za Detroit zilikuwa tatu. Chrysler ilikwenda mahakamani kufilisika tarehe 30 Aprili 2009, na General Motors ikafuata tarehe 1 Juni mwaka huohuo. Ford haikufilisika. Ilikuwa imekopa mapema, mwishoni mwa 2006, zaidi ya dola bilioni 23, ikaweka rehani viwanda vyake na hata ile nembo ya buluu. Wewe mwenye mkataba wa asilimia 21.9 unajua maana ya kuweka mali rehani. Wao waliweka jina lao. Halafu likaja pigo: Julai 2008 pipa la mafuta lilipita dola 147, watu wakayakimbia magari makubwa, benki zikaacha kukopesha, na soko la Marekani lililokuwa likiuza magari milioni 16 hivi kwa mwaka likashuka mpaka kama milioni 10.4 mwaka 2009.

Gari lako lilizaliwa humo. Kiwanda cha Wayne, Michigan, kilichokuwa kikitoa Expedition na Navigator, yale majitu ya kunywa petroli, kiligeuzwa kwa dola milioni 550 ili kitoe Focus. Ford walihitaji gari dogo ambalo wangeweza kulitangaza kwa matumizi madogo ya mafuta, na toleo moja la Focus ya 2012 lilifikia maili 40 kwa galoni kwenye barabara kuu. Klachi kavu isiyopoteza nguvu ndani ya mafuta ilikuwa mojawapo ya njia za kufika pale. Kwenye karatasi ilikuwa na mantiki, lakini kwenye foleni ikashindwa. Mwaka 2018 Ford wakatangaza kuachana na karibu saluni zote Marekani Kaskazini, Focus ikiwemo, na leo kiwanda kilekile cha Wayne kinatoa Bronco na Ranger.

Kwa hiyo ugonjwa wa gari lako ni wa giaboksi moja, ya kipindi kimoja, iliyozaliwa kwa haraka ya kunusurika. Focus hiyohiyo yenye gia za manyuali haina shida hii, na injini yake ya lita 2.0 ni ya kuaminika ukibadilisha oili kwa wakati. Ukihukumu kwa bendera utapotea. Nissan ni ya Kijapani, na giaboksi zake za CVT, aina nyingine ya otomatiki, kwenye Altima na Sentra za miaka hiyohiyo zimewaliza watu mpaka kampuni ikaongeza dhamana. Crown Victoria ya Ford, yenye injini ya V8 ya lita 4.6, ilibebeshwa kazi ya polisi na teksi miaka mingi mpaka ilipositishwa mwaka 2011. Na Camry ambayo shemeji angeisifia inaundwa Georgetown, Kentucky, na wafanyakazi wa Kimarekani. Kuna hata Pontiac Vibe ya 2003 hadi 2010: nembo ya Kimarekani, lakini chini ya ngozi ni Toyota Matrix, na iliundwa Fremont, California, kwenye kiwanda ambacho GM na Toyota walikiendesha pamoja. Watu wengi hawajui hilo, kwa hiyo bei yake mara nyingi iko chini ya Corolla ya umri uleule.

Je, Ford watalitengeneza bure? Klachi, hapana. Waliongeza dhamana ya klachi na sili hadi miaka 7 au maili 100,000, na ya kompyuta ya giaboksi hadi miaka 10 au maili 150,000, kipi kitangulie, kuhesabu tangu gari lilipouzwa mara ya kwanza likiwa jipya. Kwa gari la 2014 milango yote miwili imefungwa, na wewe ulilinunua likiwa tayari limepita maili 100,000. Ile kesi ya pamoja ya wamiliki dhidi ya Ford, iliyopata idhini ya mahakama mwaka 2020, nayo muda wake wa madai umekwisha. Ukiambiwa na mtu kwamba atakufungulia dai kwa ada, mkimbie.

Lakini kuna kitu cha bure ambacho hujakigusa. Kasoro za usalama zilizoitishwa rasmi (recall), yaani kampuni imeyaita magari yarudi kurekebishwa, hutengenezwa bila malipo hata gari likiwa la mkono wa tatu. Chukua namba ya chasisi, tarakimu na herufi 17, iko chini ya kioo cha mbele upande wa dereva, uiweke kwenye nhtsa.gov/recalls, tovuti ya mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani. Focus za 2012 hadi 2018 ziliitishwa mwaka 2018 kwa sababu ya vali ya mvuke wa petroli inayoganda ikiwa wazi: tangi linanywea, geji ya mafuta inacheza, injini inaweza kuzima barabarani. Kama hiyo haijafanywa kwenye gari lako, weka miadi na wakala wa Ford, na mpaka siku hiyo usiruhusu tangi lishuke chini ya nusu. Pia waliitisha Focus nyingi za miaka hiyo kwa vitasa vya milango vinavyoweza kufunguka gari likitembea.

Sasa karatasi. Hapa ndipo nilipolisoma swali lako mara mbili. Gari dola 5,200, ukatoa kianzio 1,000, zinabaki 4,200. Kodi ya mauzo ya Ohio, ada za nyaraka na za hati ya umiliki, kwa gari la bei hiyo, kwa kawaida hazizidi sana dola 800 zote pamoja. Tungetarajia mkopo wa dola 5,000 hivi. Wewe umekopeshwa 6,400. Hizo dola 1,400 zimekwenda wapi?

Mara nyingi jibu liko kwenye ukurasa unaochambua kiasi kilichokopwa: kuna mstari wa mkataba wa matengenezo, au bima ya kufidia deni gari likiibwa au kugongwa, ambayo ulisaini katikati ya rundo la karatasi bila kuelezwa. Utafute usiku huu. Ukikuta ni mkataba wa matengenezo, umepata mlango. Inawezekana unalipia ukarabati wa giaboksi ambao hujawahi kuudai. Piga simu namba iliyo kwenye mkataba kabla gereji haijafungua bolti hata moja, kwa sababu karibu mikataba yote inakataa kulipa kazi iliyoanza bila kibali chao. Watakuuliza risiti za kubadilisha oili. Watajaribu kusema klachi ni kifaa cha kuchakaa. Wajibu kwamba gari ni otomatiki, klachi hizo ziko ndani ya giaboksi, na uombe kipengele chao kwa maandishi. Wakikataa, au ukikuta ni kitu usichokihitaji, uliza kukifuta. Mikataba mingi ya namna hiyo inafutika, na fedha ya muda uliobaki hurudi kupunguza deni.

Kuhusu kurudisha gari: ile habari ya siku tatu za kubadili mawazo, inayozunguka sana kati ya wageni, haihusu gari lililonunuliwa yadini kwenyewe. Na sheria ya magari mabovu ya majimbo mengi, Ohio ikiwemo, inalinda gari jipya. Kwa lililotumika, angalia ile karatasi ambayo sheria ya serikali kuu inamlazimu muuzaji kuibandika kwenye kioo. Kama kisanduku kilichowekewa alama kinasema gari linauzwa kama lilivyo, bila dhamana ya muuzaji, yadi haidaiwi tengenezo. Karatasi hiyo inatakiwa iwe ya Kihispania pale biashara inapofanywa kwa Kihispania. Kwa Kiswahili hakuna takwa kama hilo, ndiyo maana wengi wetu wanasaini bila kujua wamekubali nini. Kauli ya uongo ni jambo jingine. Kama una ujumbe wa simu ambapo muuzaji alisema giaboksi imebadilishwa na si kweli, sheria ya Ohio ya kumlinda mlaji inaweza kukusaidia, na mahakama ya madai madogo inapokea hadi dola 6,000. Uutunze ujumbe huo.

Twende kwenye fedha. Umelipa mara saba, jumla dola 1,407. Kwa riba ya 21.9, zilizokwenda kupunguza deni lenyewe ni kama dola 625 tu. Unadaiwa karibu dola 5,775. Yadi ya pili ikichukua Focus kwa 2,800, inabaki dola 2,975 ya gari ambalo hutakuwa nalo tena. Wanaiongeza kwenye 11,500, mkopo unakuwa 14,475 kabla ya kodi. Kwa 19.9 na miezi 66, malipo ni dola 362 kwa mwezi, na ukimaliza utakuwa umetoa karibu dola 23,900 kwa Corolla ya 2015. Miaka mitano na nusu, dada. Siku utakayotoa rejesho la mwisho gari hilo litakuwa limezeeka sana, na likigongwa mwaka wa pili bima itakulipa thamani ya gari wala si deni.

Linganisha na kulitengeneza. Seti mpya ya klachi mbili, sili za shafti, uma na beringi za kuachia, pamoja na kazi: gereji huru inayoijua giaboksi hii itakutajia kati ya dola 1,500 na 2,200. Kompyuta ikihitajika, ongeza dola 700 hadi 1,200. Niwe mkweli kwako: hiyo si tiba ya kudumu. Muundo unabaki uleule, na klachi mpya nazo zitachakaa mapema kuliko otomatiki ya kawaida. Lakini unanunua muda wa kumaliza au kupunguza deni ukiwa na usafiri wa kwenda kazini, na huo ndio unaouhitaji sasa. Kama kompyuta nayo imekufa na mkataba wa matengenezo haupo, hapo hesabu inabadilika. Singemwaga dola 3,000 kwenye gari hilo bila kwanza kutafuta njia nyingine.

Usiache kulipa mkopo kwa hasira. Ohio mkopeshaji anaweza kulichukua gari bila kwenda mahakamani, akaliuza kwa bei ya kutupa, akakudai tofauti. Badala yake nenda kwenye chama cha akiba na mikopo cha huku (credit union), ndugu wa SACCOS za nyumbani. Vile vilivyosajiliwa na serikali kuu haviruhusiwi kutoza zaidi ya asilimia 18. Wakikuhamishia deni la 5,775 kwa 14 kwa miezi 36, utalipa dola 197 kwa mwezi, karibu sawa na sasa, lakini utamaliza miezi mitano mapema na kuokoa kama dola 1,150. Wanaweza kukataa kwa sababu gari ni la zamani na deni limezidi thamani yake. Uliza kama watakubali ukianza kwa kulipunguza.

Wakati unapanga hayo, ibembeleze klachi. Kwenye foleni usijongee kila aliye mbele anapojongea: kanyaga breki, acha nafasi ya gari mbili, kisha ondoka kwa uamuzi. Mlimani shikilia kwa breki, kamwe usishikilie kwa mafuta. Ukiondoka, kanyaga kwa uthabiti wa kutosha klachi ishike mara moja. Kugusagusa ndiko kunakoisugua. Mfundishe hivyohivyo mtu yeyote anayelitumia gari hilo nyumbani.

Mambo mawili hayatatuliki kwa maandishi. La kwanza ni mkataba: ukiona kipengele usichokielewa, ofisi ya msaada wa sheria kwa wenye kipato kidogo itakusomea bure, na una haki ya kuomba mkalimani. La pili ni kipimo cha giaboksi. Tafuta gereji inayojishughulisha na giaboksi, na kabla ya miadi waulize kwa simu swali moja: baada ya kufunga klachi za DPS6, mtaifundisha upya kompyuta? Kila klachi ina sehemu yake ya kuanza kushika, na kompyuta lazima ijifunze sehemu hiyo kwa mashine maalumu au programu kama FORScan. Bila hivyo klachi mpya kabisa itatetemeka kama ya zamani. Akijibu kwamba haina haja, tafuta mwingine.

Usimpelekee gari likiwa limelala usiku kucha. Endesha kwanza nusu saa kwenye foleni, ukiwa umerekodi kwa simu mshale wa mizunguko ya injini unavyoruka linapotetemeka, uingie gereji likiwa bado la moto, na umwombe fundi akae pembeni yako mkiondoka kwenye taa tatu au nne. Likiwa la baridi linaweza kuondoka laini kabisa, naye akakuambia halina tatizo, na ada ya kipimo ukalipa.